Siku Mjomba Alipomzungushia Bibi Seng'enge

Juzi fundi anayenijengea uzio hapa Mpanda aliniuliza swali la kawaida kabisa: "Mama, geti tuweke upande gani?" Nikacheka mpaka nikakaa juu ya rundo la nguzo. Ungekuwepo siku ile kijijini kwetu Kabungu, rafiki yangu, ungecheka na wewe.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikilelewa na bibi. Nyuma ya nyumba alikuwa na shamba la karanga, na ng'ambo ya shamba alikaa jirani yetu, mzee wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Walitaniana kutwa. Asubuhi kwake kilitoka kibuyu cha maziwa mgando, jioni kikarudi na karanga za kukaanga. Mbebaji nilikuwa mimi, na ushuru wangu nilijikatia njiani, kwenda na kurudi.

Kisha dume lake jekundu likaingia shambani na kufyeka matuta mazima. Bibi akafoka. Mzee akajibu kwamba karanga zenyewe zilipandwa kwenye njia ya ng'ombe. Wakanuniana, kibuyu kikatundikwa ukutani, mimi nikarudi kwenye uji mtupu. Niseme wazi, niliwachukia wote wawili.

Bibi akaamua kuweka uzio. Kazi akapewa mjomba, fundi wa kila kitu, ambaye redio yetu aliitengeneza ikawa inashika Burundi tu. Alikata nguzo porini, akazipaka miguu oil chafu ili mchwa wasizile, na seng'enge akaileta kutoka mjini kwenye keria ya baiskeli. Mpaka leo nikinusa oil chafu nausikia mtaimbo wake ukigonga ule udongo mwekundu.

Siku ya kukaza waya mzee alikuja bila kuitwa, kavaa koti lake la mikutano. Ng'ombe ni wake, na aibu aliiona ni yake. Akaingia shambani kushikilia waya kwa ndani, mjomba akipigilia kwa nje. Bibi naye alisimama humo humo kulinda karanga zake.

"Mwambie huyo mzee anakanyaga," bibi aliniambia.

"Mwambie bibi yako miguu yangu haina macho."

Nikawa nafikisha, hatua tatu huku, hatua tatu kule, na kila mmoja akinisubiri nimalize kana kwamba hajasikia kitu.

Mjomba alipigilia msumari wa U wa mwisho, akarudi nyuma, akashika kiuno. "Hata sungura hapiti hapa!"

"Vizuri sana," bibi akasema. "Sasa mimi natokea wapi?"

Mjomba aliuzunguka uzio wote kwa macho. Geti halikuwepo. Kung'oa kwa nyundo alikataa, eti waya wote ungelegea, akapanda baiskeli kwenda kuazima koleo la kukatia waya. Kwa jinsi alivyokawia, nadhani koleo lenyewe lilikuwa kilabuni.

Jua likawaka. Mimi nilikuwa mwembamba, nikapenya chini ya waya kuwaletea maji na viazi vya kuchemsha. Walikula wamepeana mgongo. Mwishowe mzee akaona kama mtoto anapita, hata yeye atapita. Akatanguliza kichwa. Koti likanasa mgongoni, akabaki kichwa nje, miguu kwenye karanga.

"Mwambie bibi yako..." alianza. Nikasubiri ujumbe, haukuja. Bibi alikuwa anacheka mpaka kitenge kinamfunguka. Alipomaliza kucheka alipiga magoti, akaanza kumnasua mwiba mmoja mmoja.

"Tulia wewe, utachana koti," alimwambia mwenyewe, bila kunipitia mimi.

"Lichanike tu, mama. Dume langu lilikosa. Na mimi nilikosa."

Kazi yangu ya utarishi ikaishia hapo.

Mjomba alirudi jua likizama, akawakuta wamekaa kwenye tuta wanamenya karanga mbichi na kuzitafuna, matani yamerudi pale pale. Akauliza apasue wapi. Sisi wote tulijua ni upande wa nyumba yetu. Bibi akaonyesha kwa mzee. Kuanzia hapo alilazimika kuzunguka kwa jirani kila asubuhi ndipo aingie shambani kwake mwenyewe, na watu walimcheka sana. Alikuwa akirudi na kibuyu.

Wote wawili wametutoka sasa. Pale kwenye karanga pamejengwa vyumba vya kupangisha, na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Nilipita mwaka huu, sikupata hata wa kumsalimia, roho ikaniuma.

Na hapa kwangu je? Jirani yangu sijamsemesha tangu mbuzi wake walipokula miche yangu ya mipapai. Tukikutana njiani, kila mmoja anaangalia simu yake.

Fundi alikuwa bado ananisubiri. Nikafuta machozi, nikamwonyesha upande wa jirani.

"Mama, kule hakuna barabara."

"Najua," nikamwambia. "Chimba."