Mapipa Matano na Tundu Moja

Mapipa yangu ni ya buluu, ya plastiki. Yalitoka kambi za wakimbizi. Kambi zilipovunjwa yalijaa kwenye soko la Kadutu, nami nikayapandisha mlimani, mtaa wa Cimpunda, moja moja kichwani, watu wakinicheka. Wakati huo nyumba yangu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Mwezi wa kumi wa 1996, mji ulipoanguka mikononi mwa waasi, mume wangu Nathanaël alipigwa risasi akiwa njiani kutufuata. Mimi nilikimbilia Walungu na binti yetu Carmel mgongoni. Tuliporudi nilimkuta Cirhuza, mdogo wa mume wangu, amelala kwenye kitanda chetu. Alisema nikikubali anirithi niwe mke wake, nitaingia ndani. Nikikataa, kuna jikoni kule juu. Nikakataa. Jikoni ndiko nilikokaa, chumba kimoja cha mbao chini ya mabati sita. Mbele yake kuna bustani, na chini ya bustani, ukishuka ngazi kumi na tano za udongo, ndipo ilipo nyumba niliyoikandika kwa mikono hii.

Baba mdogo wa mume wangu na Cirhuza, Muzee Grégoire, alikuja kutoka Kalehe kukata maneno. Alisema, "Eulalie atabaki hapa kama analima. Siku bustani itakauka, anarudi kwao."

Kwetu ni Luhwindja. Kaka zangu walikuwa wamegawana shamba la baba bila kunitaja, na njia ya kufika huko ilikuwa na askari na kamba zao za kufunga barabara kila mlima. Kurudi wapi? Tangu siku ile Cirhuza hakugombana nami tena. Alingojea tu kiangazi.

Mwaka wa 2000 maji ya bomba yalikuwa yakipotea wiki nzima, na kwenda chemchemi kulitegemea risasi zimelia upande gani. Nikamwita Gaston, fundi wa mabomba. Kwanza alinichimbisha mteremko siku tatu ili mapipa yote matano yakae sawasawa, kwa sababu moja likikaa chini kuliko mengine litafurika na yale yatabaki makavu. Kisha akatoboa kila pipa karibu na kitako kwa chuma cha moto, akayaunganisha kwa vipande vya tiyo, yale mabomba ya plastiki, akafunga viungo kwa mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Mvua iliponyesha, maji ya bati yaliingia pipa la kwanza tu, lakini yote matano yalipanda pamoja. Ukichota kwenye moja, yote yanashuka.

Cirhuza aliyaona kutoka mlangoni kwake. Anafanya kazi ofisini, shati lake ni jeupe kila siku.

"Mama Carmel!" aliita kutoka chini. "Siye ni familia moja ao hapana? Niko naleta pipa yangu. Gaston ataiunganisha na zako."

Pipa lake, lenye kifuniko kilichokazwa, lingekaa mlangoni kwake, chini. Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Robine yake, ile koki ya kufungulia maji, ingenywa mapipa yangu yote, na kabla ya mwezi wa nane kabichi zangu zingekuwa nyasi. Nikikataa, angemwambia Muzee kwamba nimewanyima maji watoto wa ukoo. Nikakubali.

Wiki ile sikukaa. Nilipanda mboga, nikaacha katikati. Nilienda kuyagonga mapipa kwa kidole, nikarudi, nikaenda tena. Penye maji sauti ni nzito. Penye hewa yanalia kama ngoma. Carmel akaniambia, "Mama, utayatoboa na hicho kidole."

Gaston alikuja kuliunganisha pipa la Cirhuza, mwenyewe akiwa kazini. Chuma kilikuwa kimekwisha kuwa chekundu.

"Natoboa wapi, mama? Chini, kama zile zingine?"

"Yeye alisema wapi?"

"Hakusema. Alisema tu niunganishe."

Niliweka kiganja kwenye nusu ya kimo cha pipa la mwisho. "Hapa."

Gaston akanitazama, akatazama kiganja changu, akaanza kucheka. "Mama Carmel! Weye ulisomea wapi?"

"Kwenye bidoni ya maji yenye kutoboka katikati. Toboa, chuma iko napoa."

Mvua za mwisho zilijaza mapipa mpaka mdomoni. Kule chini walioga, walifua, walisafisha viatu. Kila asubuhi niligonga, na kila asubuhi ngoma ilikuwa imeshuka kidole kimoja. Ilishuka mpaka kwenye tundu, ikasimama. Hapo ningepumzika, lakini sikuweza. Angepanda ngazi mara moja tu, angeona. Bidoni nilizobeba kutoka chemchemi nilizimimina nikipima kwa kijiti, maji yasifike tena kwenye tundu. Kila mlango wake ulipolia nilisimama.

Mwezi wa saba robine yake ilikohoa hewa. Hakupanda. Alimwita Muzee Grégoire, naye akavuka ziwa kwa mashua, na fimbo yake mkononi.

"Amefunga maji, baba," Cirhuza alisema, amesimama ngazi ya kwanza. "Njo vile roho yake iko mbaya."

Muzee alipanda polepole. Alifuata tiyo kwa mkono kutoka chini mpaka pipani. Hakukuta fundo wala mkato. Akachungulia ndani ya pipa, akaliona tundu katikati.

"Nani alisema tundu ikae hapa?"

"Ni miye, Muzee. Maji ya juu ya tundu ni yake, ya chini ni yangu. Nyumba muligawa bila kunipa hata mlango. Miye nimemupa nusu."

"Muke hata darasa la kwanza hakufika!" Cirhuza alipaza sauti.

"Na weye uliyesoma," Muzee alimjibu bila kugeuka, "miezi miwili ulikosa miguu ya kupanda ngazi kumi na tano?"

Alivunja jani la kabichi, akalitafuna likiwa bichi. "Bustani hii haijakauka. Atabaki."

"Na nyumba, Muzee?" nikauliza.

Alishika fimbo yake. "Maneno ya nyumba ni marefu, binti yangu." Akashuka.

Kesho yake asubuhi Cirhuza alipanda mwenyewe na beseni, na viatu vya ofisi miguuni. Umande ulikuwa umelainisha udongo.

"Shemeki," alisema. Hakuwa ameniita hivyo tangu 1996. "Unipe maji ya kuoga, niko nachelewa kazi."

Nilimjazia mpaka ukingoni, ili ashuke akimwagikiwa. Sijamsamehe. Nilimtazama mpaka ngazi ya mwisho, halafu nikageuka nikagonga pipa, kujua amepunguza kiasi gani.