Skafu Iliyogoma Kutoka Mkononi

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Nilimaliza darasa la sita la shule ya msingi na sikuendelea, kwa hiyo naandika polepole, na herufi zangu nyingine zinalala ubavu. Ukikuta neno nimelikosea, lirekebishe moyoni uendelee kusoma. Jioni nyingi zimepita nikiandika haya, lakini nilikuwa nimekata shauri kuyamaliza.

Mimi ni mtu wa haya. Si ile haya ambayo wazazi wanaisifu. Yangu inafunga koo. Mgeni akiingia kwetu Majengo, mimi natokea mlango wa jikoni. Mtu akiniuliza jambo, jibu ninalo, ila linapanda mpaka chini ya kidevu, linakaa hapo.

Mama alitaka nijifunze kushona. Mimi nilitaka kuliko yeye, maana kila siku yangu ilifanana na ya jana: maji, vyombo, maharagwe. Akanipeleka mtaa wa Ndosho, kwenye atelie ya kushona ya mama mmoja anayefundisha wasichana. Yule mama aliacha cherehani yake, akanitazama.

"Unapenda kujifunza juu ya nini?"

Alitaka kujua sababu. Nikatazama sakafu. Mama akajibu kwamba mtoto anapenda sana, ni mtulivu, ana mikono mizuri.

"Mama, ni weye utajifunza ao ni mutoto?"

Wanafunzi wakacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia, bila hasira.

"Miye sifundishake mutu mwenye haulizake. Kitambaa ya watu itaharibika mbele yako na utanyamaza tu. Siku utapata swali, hata moja, urudi uniulize na kinywa yako. Fasi yako nitaichunga mpaka mwezi uishe. Kisha nitaipa mwingine."

Tukarudi nyumbani. Siku zile nilitunga maswali mengi kichwani: cherehani inatiwaje mafuta, mkasi unanolewa wapi. Lakini yalikuwa maswali ya kuazima. Majibu yake sikuyahitaji, na kitu usichokihitaji hakiwezi kukufungua koo. Nikaona kwamba swali la kweli linatoka kwenye kazi. Lazima kwanza nianze kitu, kinishinde.

Dada mmoja wa jirani alinionyesha kwenye simu yake mwanamke anayefuma skafu bila sindano, kwa mikono tu. Nilimwomba kwa kidole arudishe nyuma, arudishe tena. Kabla video haijaisha akaitwa kwao, akaondoka na simu yake.

Uzi mnene kama ule sikuuona hapa kwetu. Nilifumua sweta mbili za zamani: moja ya papa, baba yangu, iliyotoboka viwiko, nyingine ya mtumba. Nikaufua uzi, nikauanika, nikaunganisha nyuzi nne pamoja mpaka zikawa nene kama kamba ya mbuzi.

Kazi yenyewe si ngumu kwa anayeanza. Unafunga fundo, unatengeneza vitanzi, unavivisha mkono wa kulia kimoja kimoja kama bangili. Mimi nilivisha vinane. Halafu unashika uzi katika kiganja hicho hicho, unavuta kitanzi kilicho karibu na vidole kipite juu ya ngumi. Ule uzi uliobaki kiganjani unakuwa kitanzi kipya, nacho unakivisha mkono wa kushoto. Vyote vikishahama, unavirudisha kulia kwa namna ile ile. Mikono ndiyo sindano.

Mara ya kwanza nililegeza mno, kuku angepenya. Nikafumua. Mara ya pili nilikaza mpaka vidole vikafa ganzi. Nikafumua. Kosa lingine lilikuwa kuanza wakati maharagwe yako motoni. Sikuweza kushika sufuria na uzi ule mikononi, na mdogo wangu, ambaye mimi dada yake ananiita yaya, alikaa kizingitini akitangaza: "Mama, yaya amejifunga sawa mbuzi ya Noeli. Na maharagwe inaungua." Basi nawashauri: malizeni kwanza mambo ya jiko.

Mara ya tatu ikakubali. Ilishuka mpaka magotini, ikagusa chini, nikaona inatosha. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mwisho siujui. Nikitoa mkono tu, vitanzi vinafunguka. Nilijaribu kufunga kimoja kwa fundo, na mistari miwili ikafumuka. Nikairudisha kwa shida, nikakaa na skafu yangu mkononi, hasira ikinipanda. Kisha nikatulia ghafla. Nilikuwa nimepata swali.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Leo najua ningeweza kuvihamishia vile vitanzi kwenye fimbo, lakini siku ile sikuwaza hivyo. Niliweka uzi uliobaki ndani ya mfuko, nikaikusanya skafu kifuani, nikatoka. Mama alikuwa sokoni. Nilienda peke yangu, tena kwa miguu, maana niliogopa kupanda moto, yaani pikipiki ya abiria, na skafu ikaingia kwenye gurudumu.

Dereva mmoja wa moto akapunguza mwendo kando yangu. "Dada, nani amekufunga? Nikupeleke kwake ao nikutoroshe?"

Mwenzake akamjibu. "Wacha dada wa watu. Anapeleka nyoka yake ku dawa."

Nilitamani kugeuka, lakini kila nilipotamani niliongeza mwendo, huku nikirudia swali langu kimoyomoyo lisije likanipotea njiani.

Yule mama alikuwa mlangoni mwa atelie. Nilifungua kinywa niulize mara moja. Lakini huwezi kumuuliza mkubwa swali kabla ya salamu, na yeye alikwisha kunyoosha mkono. Angekuwa wa rika langu ningemkunjia ngumi ashike kifundo cha mkono tu, kama tunavyofanya mikono ikiwa na kazi. Mkubwa nilimpa kiganja wazi cha mkono wa kulia, ule wenye vitanzi, wa kushoto ukishika kiwiko, kama nilivyolelewa. Akaupokea, hakuuachia.

"Mama iko muzuri?" Akatikisa. "Na papa?" Akatikisa. "Na badogo? Na kule Majengo, maji inatoka?"

Vitanzi vilikuwa vimelegea kwa safari. Kwa kila habari aliyouliza vilisogea mbele, vikavuka vidole vyangu, vikapanda kwenye mkono wake. Niliviona vikienda. Kumnyang'anya mkubwa mkono sikuweza, na kusema sikuweza. Alipomaliza salamu, vyote vinane vilikuwa kwake.

Mteja akamwita kutoka ndani. Akageuka kumwendea, na skafu ikamfuata.

"Mama, simama."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Cherehani zikanyamaza. Yeye akatazama mkono wake, akanitazama mimi.

"Ukivuta, itafumuka yote," nikasema. "Unipe mukono tena. Tusalimiane kwa kurudi nyuma."

"Tangu nizaliwe, sijasalimiana kwa kurudi nyuma," akasema. "Tunaanza na maji ya Majengo?"

"Ndiyo, Mama. Maji, halafu badogo, halafu papa."

Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akainamia cherehani. Yule mama alinipa kiganja, tukaunganisha vidole, nami nikavivuta vitanzi taratibu kwa mkono wa kushoto mpaka cha mwisho kikarudi kwangu. Mteja alisimama akisubiri, akitutazama kama watu waliochanganyikiwa.

"Sasa juu ya nini unatembea na hii kitu ku mukono?"

"Sijue kuifunga. Hiyo njo swali nimeleta. Inafungwaka namna gani?"

Aliinyoosha skafu mbele ya mlango, penye mwanga. "Huku ni pana, huku ni nyembamba. Inafanana na barabara yetu hapa inje." Akavuta kiti. "Hii ya mikono siijue. Miye najua kroshe, ile ya sindano ya ndoano. Lakini kitanzi ni kitanzi. Tujaribu. Fuma mbili. Sasa ile ya kwanza, uipitishe juu ya ile ya pili, uiangushe. Fuma ingine. Angusha."

Nikafanya hivyo. Katikati nilikwama, nikamuuliza kama nivute au niache vilegee. Akasema niache vilegee. Mbele kidogo nikamuuliza tena. "Na ile ya mwisho?"

"Kata uzi, uupitishe ndani, uvute."

Mkono wangu ukatoka. Mstari wa mwisho ulisimama bila kufunguka. Nikaivuta skafu huku na huku kuhakikisha, ikakataa kufumuka.

"Kesho saa mbili," akasema, akiwa tayari anamwelekea mteja wake. "Na usikuye na mizigo. Kuya mikono mitupu."

Nimekuwa pale tangu siku hiyo. Bado naongea kidogo, lakini kabla mkasi haujagusa kitambaa nauliza, hata wenzangu wakichoka nami. Papa anaifunga ile skafu shingoni anapotoka alfajiri, upande mpana ukiwa mbele.

Kuna jambo moja linanishinda, hata yule mama halijui. Uzi ukiisha katikati ya mstari naunganisha mwingine, na fundo linaonekana kama kipele. Kama wewe unajua namna ya kulificha, naomba uniandikie. Na kama umejaribu kufuma kwa mikono ikakushinda, niandikie pia, uniambie ilikushindia wapi. Tafadhali andika kwa herufi kubwa. Nitakujibu, ila jibu litachukua muda.