Hasira za Mama Jaza

Dukani walimwita Mama Jaza, na jina hilo alilipata kwa ukaidi wake. Kazi yake ilikuwa kupima kasi ya diski za nje, zile za kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya, kabla hazijapangwa kwenye rafu. Wapimaji wengine huchomeka, hutupia faili moja dogo, hutazama mshale wa kasi ukipanda kwenye kioo, basi, diski ni nzima. Yeye hakutaka kusikia habari hizo. Aliijaza diski mpaka pomoni, kisha akasoma tena vyote alivyoviandika, aone kama vinatoka vilevile vilivyoingia. Diski moja ingeweza kumla siku nzima. Ikifaulu, aliibandika kibandiko cha kijani na kutia sahihi yake kwa kalamu ya wino mzito.

"Sasa hiyo diski unaipima au unaichumbia?" mjomba wake, mwenye duka, alipenda kumuuliza mbele ya wateja, nao wakacheka.

"Diski feki ina mbio za mwanzoni tu, Mjomba. Ndani wametia kumbukumbu kiduchu, nje wameandika kubwa. Ukipitisha kiasi chake, inarudi mwanzo na kuandika juu ya vitu vyako vya zamani. Wala haikwambii."

Mjomba aliitikia kwa kichwa huku macho yakiwa kwa mteja anayeingia. Alikuwa na ulimi mtamu kweli, lakini masikio, nadhani, alipewa ya kupambia kichwa.

Kisha mama mkwe wa Mama Jaza akafariki. Walikuwa wamependana, yeye na yule bibi, wakisengenya pamoja na kufichiana siri, jambo ambalo si kila mkwe analipata. Aliomba ruhusa, akakaa msibani mpaka watu walipotawanyika. Aliporudi kazini alikuta rafu moja imejaa diski ngeni, na nyingine za aina hiyo zimeshauzwa. Alipouliza, Mjomba akasema ni mzigo wa rafiki yake, mzigo safi, asijisumbue. Hakufuatilia siku hiyo kwa sababu ya uchovu wa msiba.

Asubuhi moja alitoka kwenda stoo, nyuma ya duka, kutafuta waya, akakawia huko saa kadhaa akipanga mizigo. Aliporudi alimkuta wifi yake, dada wa mumewe, amesimama kaunta ameukumbatia mkoba wake. Mjomba alikuwa ameigeuza kompyuta iwatazame wateja. Kwenye kioo mshale wa kasi ulikuwa umepanda juu kabisa.

"Umeona?" Mjomba alikuwa akisema. "Hii ndiyo ya kujikokota? Hii ni farasi, dada yangu! Tatizo ni hiyo kompyuta yako ya nyumbani."

Wifi alimgeukia Mama Jaza kama mtu aliyeona ndugu ugenini. "Afadhali umekuja, wifi. Hii diski inanitesa. Video moja naisubiri mpaka nasahau nilichokuwa nataka. Na zile za mama zote ziko humu."

"Za mama zipi?"

"Zote nilizomrekodi mwaka ule alipokaa kwangu. Nilizihamishia humu, simu nikaifuta nikampa mdogo wetu. Niliona kibandiko chako, nikajua hapa pana usalama."

Mama Jaza alikitazama kile kibandiko. Kilikuwa kimetoka kwenye droo yake, lakini sahihi ile mkono wake haukuiandika. Akairukia kompyuta, akauchomoa waya.

"We! Utaiua diski ya mwenzio!" Mjomba akafoka.

"Umeandika nini humu ndani?"

"Si faili la kupimia? Tangazo letu." Alikuwa amelirudufu tangazo la video la duka mara nyingi, akaliunganisha likawa faili zito, maana alipenda wateja wauone uso wake wakati wa kupimiwa.

"Umeandika kiasi gani?"

"Nimeijaza. Si wewe unayetupigia kelele kila siku kwamba diski lazima ijazwe?"

Alisema hivyo huku anatabasamu. Mama Jaza alitamani kumrushia ile kompyuta, na lau isingekuwa imefungwa ukutani kwa waya wa umeme, nani ajuaye. Diski mpya hujazwa, ndiyo. Diski yenye mali ya mtu hunakiliwa kwanza, polepole, hata ikijikokota wiki nzima, na haiandikwi chochote. Hilo alimwambia Mjomba tangu alipoajiriwa, akamwambia akiwa anakula, akamwambia akiwa anahesabu mauzo. Ilikuwa sawa na kuuambia mlango.

Akaichomeka tena taratibu, akafungua. Majina ya video yalikuwepo yote. Wifi akashusha pumzi. "Hizo hapo! Fungua hiyo ya jikoni."

Mama Jaza akaifungua ile iliyoandikwa Mama Jikoni. Akatokea Mjomba ndani ya suti ya buluu, ananyoosha kidole: Kasi ni kwetu! Akafungua Mama Anacheka. Mjomba, suti ya buluu. Akafungua Mama na Wajukuu, akafungua Mama Amekasirika, akafungua Mama Kalala Mchana. Kasi ni kwetu, kasi ni kwetu, kasi ni kwetu. Mteja mmoja alianza kucheka, akaona uso wa wifi, akaacha.

"Mama yuko wapi?" wifi akauliza.

"Tangazo limeandikwa juu yake," Mama Jaza akasema. Kisha akapaza sauti, duka zima likasikia. "Kibandiko umeiba, sahihi umeghushi, takataka umeuza! Hayo yote ningekusamehe, Mjomba, mimi ni mtoto wako. Lakini video zilikuwa nzima! Zilikuwa humu nzima mpaka leo asubuhi! Ungeniita tu. Nilikuwa hapo stoo, unaniona mgongo!"

Mjomba alitazama wateja, akatazama kioo ambako yeye mwenyewe alikuwa bado ananyoosha kidole, akakizima. Akapapasa rafu ya juu, ile ya bidhaa za bei mbaya, akashusha boksi ambalo halijafunguliwa.

"Basi dada yangu, yaishe. Chukua hii, halisi kabisa, bure. Kubwa kuliko zote humu dukani."

Wifi aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu ileile aliyolelewa nayo na mama yake. Akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha juu ya kaunta.

"Nikaweke nini?" akauliza.