Namna Nilivyoiunguza Poste ya Direkta

Katika miaka ya sitini nilikuwa mwalimu wa hesabu huko Mpofi, mtu wa vilima vya Masisi niliyetumwa kufundisha kwenye msitu wa Walikale. Shule yetu ilikuwa na poste moja ya radio, kubwa kama sanduku la nguo. Ilikaa ofisini kwa direkta, mkuu wa shule, na kutumia umeme wa moteri ya misheni. Kila Jumapili baada ya misa watu walijaa mlangoni kusikiliza habari na muziki.

Jumapili moja ikanyamaza katikati ya wimbo. Direkta akaifungua nyuma, akatoa fizibu, kile kichupa cha kioo chenye waya mwembamba kama unywele. Waya ulikuwa umekatika. Akanituma hadi Mubi, penye maduka, nitafute nyingine ya namba ileile. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, namba ndizo kazi yangu.

Jumamosi nikatembea hadi Mubi, kwenye duka la mama mmoja aliyeuza taa, mapile ya tochi na vipuri vya radio. Aliisogeza fizibu yetu karibu na jicho, akafungua kopo, akatoa nyingine na kuziweka sambamba.

"Hii njo dada yake," akasema. "Sifuri, virgili, tano."

Niliangalia ile ya zamani. Mimi niliona sifuri na tano tu. Alinionyesha kwa ncha ya sindano kwamba katikati iko kitu, kimkato kidogo, ndiyo virgili ya desimali. Nikamjibu kwamba ni uchafu. Kisha nikamfundisha, kwa sauti ya darasani, kwamba sifuri ikikaa mbele ya namba haina kazi, basi hiyo ni tano. Tena nusu ampere ingewezaje kubeba poste kubwa vile? Akanitazama kidogo, akanipa ya tano. Nikarudi Mpofi nikijisifu njia nzima.

Jumapili poste iliimba. Watu walinipa mkono. Wimbo wa pili ulipoanza, harufu kama ya mpira unaoungua ikatoka, na moshi ukapita kwenye kitambaa cha mbele. Mama mmoja wa kwaya akauliza kama leo kuna ubani na ofisini pia. Direkta alipoizima, ilikuwa imekwisha kuungua. Fizibu yangu ilikuwa nzima kabisa, inang'aa.

Direkta hakupaza sauti. Alinipeleka ubaoni, akaniambia niandike namba zote mbili, kisha nimwambie moja inazidi nyingine mara ngapi.

"Mara kumi, direkta," nikasema.

Alitikisa kichwa, akaifuta hesabu yeye mwenyewe.

Poste ikapandishwa kwenye lori kwenda Goma kwa fundi, na huko ikakaa miezi. Direkta hakuwa mtu wa kuishi bila habari. Akaamua kwamba kila Jumamosi nitakwenda Mubi kusikiliza radio, na kila Jumapili nitasimama mlangoni pake kuwaambia watu niliyoyasikia.

Radio yenyewe ilikuwa ya yule mama wa duka. Siku ya kwanza nilimweleza yote, nikitegemea atacheka. Alinisogezea kiti tu.

"Fizibu inakufa ili poste isikufe," akasema. "Wewe uliweka yenye haikufi."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ule waya mwembamba.

Basi nikawa habari. Walitaka pia muziki, nikaimba, ingawa sauti yangu ni ya mtu anayeita ng'ombe. Walioniuliza maswali niliwajibu, hata yale ambayo radio haikuyagusa.

Fundi alikuta panya wametafuna waya mmoja ndani, ukawa unagusa chuma. Ndiyo maana fizibu ya kwanza ilikatika. Akabadilisha kilichoungua, akaweka ya nusu ampere, na poste ikarudi ikiimba vizuri. Watu walifurahi, isipokuwa wazee wawili watatu waliomlalamikia direkta kwamba ile nyingine, iliyosimama mlangoni, ukiiuliza kitu, ilikuwa inajibu.