Tambwe na Kodi ya Bibi wa Pili

Sheria ilikuwa fupi: mwanaume mwenye bibi wawili hulipa kodi yake, kisha humlipia na yule wa pili. Tambwe wa Kimanga, muuza chumvi na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, aliielewa vizuri, na ndiyo sababu simwonei huruma. Asiyeelewa sheria hufundishwa. Aliyeielewa akaikwepa hana la kujitetea.

Bibi zake walikuwa Bahati na Feza. Wote wawili aliwaoa msikitini, kila mmoja na nyumba yake katika ua mmoja. Mwaka 1952 karani Hyacinthe alikuja kuhesabu watu. Kama ilivyokuwa desturi, aliwasimamisha wote uani, akauliza mmoja mmoja.

"Huyu?"

"Bibi yangu," alijibu Tambwe.

"Na huyu?"

Tambwe alimtazama Feza, akaifikiria kodi. "Dada yangu. Alifiwa na bwana yake."

Feza aliinua kichwa. "Alikufa na nini, kaka?"

"Tumbo."

"Pole, mama," alisema karani.

Bahati alikimbilia jikoni, akaziba mdomo kwa kanga.

Mwaka uliofuata uongo ulikuwa uleule. Feza hakuukubali hata mara moja. Karani akishaondoka, alifunga mlango wake. "Weye, nani analala kwa dada yake? Rudi kwa bibi yako!" Tambwe alimbembeleza kwa kitenge kipya, ambacho, ni lazima niseme, kilimgharimu kuliko kodi yenyewe.

Majirani walijua, wakanyamaza. Lakini ng'ambo ya njia alihamia fundi cherehani aliyetoka mji wa Baraka, mjane, jina lake Maneno. Alipokuwa akimshonea karani suruali, alisikia kutoka kwake kwamba yule mama wa ua wa Tambwe alifiwa. Maneno alikuwa mtu wa adabu. Hakupita kwa majirani kuuliza habari za mwanamke. Alimtafuta mjomba wake waende kwa kaka mtu, kama inavyotakiwa.

Walifika mwaka 1954, siku ileile ya kuhesabiwa. Karani na Tambwe walikuwa wamekaa uani, kila mmoja na kikombe cha chai. Mjomba alikuwa anavuta mbuzi.

"Bwana Tambwe, tumekuja kumwomba dada yako."

Tambwe alipaliwa na chai. "Dada gani?"

"Iko dada mwingine?" aliuliza karani.

"Hapana, lakini... angali na msiba."

"Mpaka leo? Mwache mama apate bwana! Minye nitakuwa shahidi."

Feza alitoka ndani, akasimama mbele ya mume wake. Hakucheka.

"Sema mbele ya watu. Minye ni nani yako? Ukisema tena dada, nitalifuata neno lako."

Neno moja la kweli lingembakishia Tambwe bibi yake, na lingempeleka boloko, kufungwa kwa kudanganya serikali. Tambwe alimtazama karani, akamtazama mbuzi.

"Dada," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema mjomba, akamfunga mbuzi kwenye nguzo.

Feza alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa msikiti, akaeleza yote, akadai talaka. Tambwe aliposikia, alikimbia ofisini bila viatu.

"Karani, andika! Feza ni bibi yangu!"

"Na yule bwana wake wa tumbo?"

"Hakuwako."

"Maskini. Nilimpa pole bure."

Hyacinthe alimpeleka kwa mkubwa wa serikali, na mkubwa hakucheka. Tambwe alifungwa, akapewa kazi ya kufyeka majani kando ya njia ya Kavimvira. Hapo njiani ndipo mwalimu alipomkuta, pamoja na mashahidi wawili na mahari ya Feza, imerudishwa yote.

"Mwambie minye nilikuwa nafanya mzaha na serikali tu," alilia Tambwe.

"Nilimwambia. Akasema yeye si serikali, lakini weye ulimkana yeye."

Askari aliyekuwa akiwalinda wafungwa alitaka kazi iendelee. Tambwe alitamka talaka akiwa na panga mkononi, akainama kufyeka. Eda ilipokwisha Feza aliolewa na Maneno, na Bahati ndiye aliyepika wali wa arusi.

Kodi ya miaka yote Tambwe aliilipa, pamoja na faini. Alikaa boloko miezi miwili. Feza hakurudi kwake.