Kasi ya Shafti ya Igawa

Usiku ule swali moja lilininyima usingizi: kupunguza mwendo wa mashine ni kukilinda chuma, au ni kukiharibu? Chuoni ningelijibu kwa nusu ukurasa na kwenda kula. Lakini chuoni hakukuwa na mtu anayesubiri mpunga wake.

Mtu huyo alikuwa mfugaji wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu, na sasa ana mashine ya kukoboa mpunga Igawa. Shafti ya mashine hiyo tulikuwa tumeikereza sisi, kwenye karakana ya Mbeya ninakofanya kazi tangu nimalize chuo. Haikudumu. Ilirudi imelika pale beringi inapokaa, wakati mavuno yamepamba moto na magunia yamejaa uani kwake. Tulibakiwa na kipande kimoja tu cha chuma, kilichokatwa kwenye ekseli ya lori. Hicho nacho kikiharibika, tungehangaika kutafuta kingine mpaka Iringa.

Asubuhi nilitoka nyumbani, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, kwa miguu, baridi ikiniuma masikio. Nilimkuta mteja ameshafika, amejifunika blanketi juu ya koti.

"Mwangaluka, injinia. Leo unanipa shafti au unanipa hesabu?"

"Shafti, baba."

"Afadhali. Hesabu hazikoboi."

Mwenye karakana, ambaye wote tunamwita Mjomba, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanikumbusha msimamo wake: chuma kigumu kipeleke taratibu. Alikuwa na sababu. Mashine yetu ya kukerezea ni ya zamani, ikikimbia hutetemeka.

Nilichukua kisu kilichokereza shafti ya kwanza, nikakisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye ncha kulikuwa na kinundu cha chuma, kimeng'ang'ania kama ugali uliogandia mwiko.

Ukitazama kwa mbali utadhani mashine inamenya chuma kama kiazi. Sivyo. Kisu hukibana chuma kilicho mbele yake mpaka kishindwe kuvumilia, halafu tabaka jembamba huteleza juu ya jenzake, na jingine tena, kama mbao zilizopangwa zinavyoteleza ukizisukuma kwa pembeni. Matabaka hayo ndiyo ganda linalotoka. Mwendo ukiwa mdogo, chuma hunata kwenye ncha, kinundu hukua, hukatika, na vipande vyake hukwama juu ya shafti kama vilima vidogo. Vilima hivyo ndivyo vilivyosagika kule Igawa, beringi ikalegea. Mwendo ukiwa mkubwa, ganda hulainika kwa joto, kinundu hakipati nafasi ya kukua, na joto jingi huondoka na ganda lenyewe.

Hayo niliyajua. Nilijua pia ncha ingeweza kuvunjika, shafti ingeweza kuchomoka, na mama yangu Iringa angesikia kwamba mwanawe msomi ameharibu chuma cha watu.

"Mjomba, niruhusu nijaribu kwenye huu mwisho tutakaoukata."

"Jaribu. Ila ukiharibu, kwenda Igawa kueleza ni wewe."

"Asije," mteja akadakia. "Ng'ombe wangu hawajazoea watu wanaotetemeka."

Nilianza na mwendo wa zamani. Maganda yalitoka mafupi, ya kijivu, na ukucha wangu ulikwama nilipoupitisha juu ya chuma. Nikapandisha gia. Mashine ikatikisika, chuma kikapata mikunjo. Nikazima. Hapo mkono wangu ulikuwa tayari kurudisha gia chini, kwa maana mtu akiharibu kazi taratibu hakuna anayemlaumu.

Nikaangalia tena. Kisu kilikuwa kimechomoza mno kwenye kishikio chake, na mwisho wa shafti haukuegemea vizuri. Nilikirudisha kisu ndani, nikakikaza, nikakaza na egemeo. Nikawasha kwa gia ileile ya juu. Mtetemo ulipungua, na ganda likaruka kwenye trei, la bluu kwa joto. Lilipopoa nililiokota kwa koleo. Upande mmoja uling'aa kama kioo. Mgongoni lilikuwa na meno madogo, kama mundu wa kuvunia mpunga. Nilipitisha ukucha kwenye chuma, haukukwama popote.

Mteja aliligeuza ganda lile kiganjani. "Hili nalo lingevuna," alisema.

Ilibaki sehemu yenyewe, pale beringi inapokaa. Mjomba alisogea karibu na sikio langu.

"Sasa punguza kidogo. Kwa usalama tu."

Sababu zote za kumkubalia nilikuwa nazo, nimezipanga tangu usiku.

"Hapana, Mjomba," nilisema. "Hicho kidogo ndicho kilichoturudishia shafti."

Mjomba akarudi nyuma hatua moja na kumvuta mteja koti ili naye arudi. Nilishusha miwani, nikaiacha gia ilipo, nikasogeza kisu mpaka kikagusa chuma. Ganda likaanza kutoka, la bluu, na mkono wangu haukurudi kwenye gia.