Kioo cha Chumba cha Juu

Habari ilinifikia kwa simu kutoka Muheza: yule mama aliyefanya kazi miaka mingi nyumbani kwa shangazi yangu, hapa Nizwa, amefariki kwao baada ya kuugua kwa muda mfupi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tangu hapo kila anayenipa pole ananiambia marehemu alikuwa mpole, mtu asiyekuwa na maneno. Sipendi kubishana na watu wakati wa msiba, lakini mpole hakuwa, na sikubali afukiwe na sifa isiyokuwa yake.

Wasomaji wa mbali hudhani Oman ni joto mwaka mzima. Waje Nizwa mwezi wa Januari, upepo ukiteremka kutoka mlimani. Nyumba zetu za matofali ya saruji zimejengwa kupambana na jua. Baridi ikishaingia, haitoki. Shangazi, aliyezaliwa Unguja na kuletwa huku akiwa msichana, alikuwa na taratibu zake kila Novemba. Mablanketi yaanikwe, hita zipanguswe vumbi, mipira ibandikwe chini ya milango, mirija ya mvua izibuliwe, paa lipakwe dawa ya kuzuia maji. Kazi karibu zote hizo zilimwangukia yule mama. Mwaka mmoja nilikwenda kumsaidia kupaka paa, na huko juu ndiko nilikokiona chumba chake, pembeni ya tangi la maji. Kioo cha dirisha kilikuwa kimevunjika, kadibodi imebanwa mahali pake.

Tulipomaliza tukateremka. Shangazi alipitapita akikagua milango, akaridhika. "Alhamdulillah, nyumba yetu tayari."

"Bado, bibi," yule mama akasema. "Chumba changu hakina kioo, na hita hakuna. Baridi iliyopita nililala na koti."

"Inshallah, tutaangalia."

Kuna inshallah ya ahadi na kuna inshallah ya kumnyamazisha mtu. Sote tunazijua zote mbili, na yeye alikuwa amekaa huku muda wa kutosha kuzitofautisha. Alipanda juu, akarudi na godoro lake begani, akaingia majlisi, chumba cha wageni, akalitandika katikati ya mito mipya, mbele ya hita. Wakati huo wakwe wa shangazi walikuwa njiani kutoka Ibra, kahawa imeshawekwa jikoni.

Binamu yangu, mtoto mkubwa wa shangazi, ndiye aliyemkuta. "Ondoa godoro hili. Au nikurudishe ofisi iliyokuleta."

Yule mama alikuwa ameketi juu ya godoro, mikono mapajani. Alikuwa na watoto watatu skuli huko kwao na hakuwa na mtu mwengine wa kuwalipia. "Nirudishe, bwana. Ila mpaka gari lije, godoro litakuwa hapa. Huko juu silali tena."

Nilitegemea shangazi apandishe sauti. Badala yake alishika ukuta na kuanza kupanda ngazi, yeye na magoti yake mabovu. Alikaa huko kitambo. Aliporudi hakumtazama yule mama, alimtazama mwanawe.

"Mpigie fundi."

"Wageni wanakuja, mama."

"Watamkuta."

Wakwe walikunywa kahawa pembeni ya godoro. Walipouliza, shangazi aliwaambia kwamba chumba cha mwenyewe kinatengenezwa, basi. Fundi alitia kioo, hita ikanunuliwa, na yule mama akarudi juu kwa hiari yake.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Mabibi wa mtaani walimlaumu shangazi kwa kuwaharibia wafanyakazi wao, na msichana mmoja wa Mombasa aliyedai blanketi nyumba ya pili alirudishwa kwao. Binamu yangu hadi leo hapendi yatajwe. Na sisi tuliotoka Zanzibar, ambao wazee wetu walifika huku na mabegi wakilala vyumba vya kuazima, tulipaswa kuwa wa mwanzo kuelewa. Tunapenda kusema mfanyakazi wetu ni mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani gani huyo, ambaye baridi yake haimgusi mwengine yeyote ndani ya nyumba? Tunamsifu kwa uvumilivu kwa sababu uvumilivu wake hautugharimu kitu.

Msimu wa baridi umekaribia tena. Unayetengeneza nyumba yako, anza na chumba cha anayekupikia, kabla ya majlisi na kabla ya chumba chako. Na kama wewe ndiye unayelala huko juu, na unaisoma safu hii kwenye simu yako, usingoje kuonewa huruma. Sema. Sema mchana, watu wakiwapo.